Tamaa na Bima ya Maisha

Leo tujifunze juu ya bima ya maisha, jambo ambalo hapa Ngomeni wengi hudhani ni la watu wa mjini tu.

Bima ya maisha ni mkataba. Mtu hulipa ada kidogo kidogo, naye akifariki, kampuni huwalipa wale aliowaandika. Je, naweza kumkatia bima jirani nisiyehusiana naye, kisha ningoje afe? La, hasha! Zamani huko Uingereza watu walicheza kamari namna hiyo, hadi sheria ya mwaka 1774 ikawakataza. Sheria yetu ya Bima, Sura ya 487, nayo yataka mwenye kukata bima awe ni mtu ambaye kifo hicho kitamtia hasara, kama vile mke au mume.

Lakini tamaa haikosi mlango wa nyuma. Mkataba wa bima ni mali, na mali huuzwa. Mwaka 1911, katika kesi ya Grigsby na Russell, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua juu ya mgonjwa aliyemwuzia daktari bima yake kwa dola 100 ili apasuliwe. Mahakama ikasema ni halali. Baadaye UKIMWI ulipoenea, matajiri wa huko wakanunua bima za wagonjwa. Fikirini wenzangu: mgonjwa akifa upesi, mnunuzi huchuma zaidi! Dawa mpya zilipopatikana mwaka 1996 wagonjwa wakaishi, na baadhi ya wanunuzi wakalia hasara.

Msidhani hayo ni ya mbali. Mjomba wangu, mvuvi, alitoka na mashua wakati wa kusi asirudi, wala mwili haukuonekana. Alikuwa na bima ndogo, aliyeandikwa ni nyanya. Kampuni ikataka cheti cha kifo, nasi hatuna.

Siku moja akaja bwana mmoja. "Bi mkubwa, karatasi hii haina kazi tena. Niuzie kwa elfu tano upate unga."

Nyanya alikuwa tayari kutia kidole. Nikamwambia, "Nyanya, ngoja kwanza nimuulize mwalimu."

Mwalimu akanionyesha Sheria ya Ushahidi, kifungu cha 118A: mtu asiposikika miaka saba kwa wale ambao wangepata habari zake, huchukuliwa kuwa amekufa, ila ithibitishwe vingine. Mjomba alikuwa na miaka sita na nusu tangu apotee. Kumbe yule bwana alikuwa akihesabu miezi!

Nilikimbia nyumbani kwa furaha. Nyanya akanyamaza, kisha akasema, "Mjukuu wangu, basi ningali na mwanangu miezi sita."

Sikuwa na jibu. Karatasi imo kashani hadi leo, haikuuzwa.

Wahenga walisema, tamaa mbele, mauti nyuma. Katika bima, mauti hutangulia na tamaa ikafuata nyuma yake. Kwa hivyo wenzangu, wasomeeni wazee karatasi zao kabla hawajatia kidole.