Tapeti Zilizolika Katika Injini ya Land Rover Kuukuu

Ndugu mkulima, injini ikianza kugonga tak-tak-tak chini ya boneti, usikimbilie kuuza ng'ombe. Mtu aweza kuambiwa gereji kwamba injini imekufa, anunue nyingine, kumbe kilicholika ni vipande vidogo vinavyoenea kiganjani. Gari hilo ndilo lipelekalo nyanya sokoni Voi na mgonjwa hospitali usiku, kwa hiyo yafaa kujua ugonjwa wake kabla ya kutoa fedha.

Somo letu lahusu Land Rover za petroli zenye injini ya lita 2.25, iliyoanza kutumika mwaka 1958 na kuendelea katika Series III hadi 1985. Injini za magari mengine ya zamani zafanana nayo, ila si kwa kila jambo.

Ndani ya bloku mna kamshafti yenye vinundu vinane. Kila kinundu huinua tapeti, tapeti husukuma fimbo ndefu, fimbo huinua roka, na roka hukandamiza valvu ikafunguka. Katika Land Rover hii tapeti ina rola chini yake, nayo huteleza ndani ya kikombe chake cha chuma. Rola au tapeti ikilika, mwendo huo hulegea, valvu haifunguki sawasawa, na gari hukosa nguvu mlimani. Kutoka Voi, penye kimo cha kama mita 600, hadi Wundanyi, penye kama mita 1,400, dereva hulitambua jambo hilo upesi.

Adui mkubwa ni vumbi. Vumbi letu jekundu likipita kwenye chujio la hewa huingia katika oili na kusaga chuma kama msasa. Chujio la magari haya lina bakuli la oili. Lifungue, na ukiona tope chini, lioshe na kutia oili mpya. Wakati wa kiangazi usingoje siku ya sevisi.

Sasa sikiliza mlio. Kamshafti huzunguka mara moja wakati krankshafti inazunguka mara mbili, basi mgongo wa tapeti ni wa polepole kuliko mgongo wa beringi za chini. Pima nafasi kati ya roka na valvu kwa fila geji: iwe inchi 0.010, yaani milimita 0.25, kwa valvu zote nane. Lakini angalia uso wa roka. Ukiwa umechimbika, fila hupita juu ya shimo na kukudanganya kwamba nafasi ni sawa. Kisha zungusha injini kwa hendeli, plagi zikiwa zimetolewa, na utazame roka zinavyopanda. Ile ipandayo kidogo kuliko wenzake ndiyo yenye mashaka.

Ikiwa kazi ya kufungua imelazimu, mwite fundi, lakini simama karibu. Tenga betri, mwaga maji ya rejeta, kisha toa mhimili wa roka. Ufunge ncha zake kwa waya, maana una springi nao hutawanyika. Toboa matundu manane katika kipande cha boksi, uyaandike 1 mpaka 8 kuanzia mbele ya gari, na kila fimbo ikae katika tundu lake. Fimbo iliyopinda hujulikana kwa kuibiringisha juu ya kioo. Baada ya hapo ndipo silinda hedi hutolewa.

Hapa pana hatari ambayo fundi mwenye haraka huisahau. Toa kwanza tapeti, kisha rola yake kwa waya uliopindwa, na mwisho ufungue bolti ya ubavuni ishikayo kikombe. Ukivuta kikombe kabla, rola yaweza kuanguka upande wa kamshafti, nawe utalazimika kufungua sampu kuitafuta. Rola, tapeti na kikombe vya silinda moja visichanganywe na vya nyingine.

Kabla ya kununua vipya, mulika tochi ndani ya shimo utazame vinundu vya kamshafti. Kikiwa na mikwaruzo au kimelika ncha, tapeti mpya zitaharibika upesi, na ni afadhali kubadili kamshafti pia. Nenda dukani na kile cha zamani mkononi pamoja na namba ya injini.

Wakati wa kurudisha, paka kila kitu oili safi. Tapeti ina neno la Kiingereza lenye maana ya mbele. Lielekee mbele ya injini. Bolti za ubavuni zifungwe tena kwa waya. Gasketi ya hedi iwe mpya, na bolti zake zikazwe kidogo kidogo kuanzia katikati kwenda pembeni, kwa spana ya kipimo.

Kupima nafasi kuna njia rahisi ya hesabu ya tisa. Valvu ya 8 ikiwa wazi kabisa, rekebisha ya 1. Ya 3 ikiwa wazi, rekebisha ya 6. Toa tu namba iliyo wazi katika 9, na jibu ndilo valvu ya kurekebisha.

Badili oili na chujio lake kabla ya kuwasha. Injini ikishapata moto, izime, ukaze bolti za hedi mara ya pili na kupima nafasi zote upya, kwa sababu gasketi mpya hukaa chini kidogo. Oili chafu itie ndani ya debe lenye kifuniko, si katika mfereji wa maji ya shamba.