Deni la Maji Hulipwa kwa Nani?



Katika darsa letu lililopita nilieleza jinsi tope la mito linavyoua miamba ya matumbawe, ndugu mmoja akaniuliza: "Sisi wa Rusizi yatuhusu nini?" Nilipotazama ramani nikaona ana hoja. Maji ya Kivu hayafiki Bahari ya Hindi. Hutoka kwa Mto Rusizi, huingia Tanganyika, kisha hupitia Lukuga na Kongo hadi Atlantiki.

Lakini Tanganyika nayo ina kitu kinachofanana na matumbawe: mawe ya ufukweni yaliyoota mwani, makazi ya samaki wa jamii ya sikilidi. Ziwani humo wako aina zaidi ya 200, na wengi hawapatikani popote pengine. Tope likifunika mawe, samaki hukosa chakula na pa kutagia. Andrew Cohen na wenzake waliandika mwaka 1993 kwamba penye tope jingi aina za viumbe hupungua.

Huko Queensland, Australia, mkulima anayepunguza nitrojeni iendayo kwenye matumbawe hupewa hati ya kuuza kwa kila kilo. Pia mwenye mtambo wa majitaka anaweza kuruhusiwa kufidia anachomwaga kwa kupunguza uchafu mahali pengine.

Nilipenda wazo hilo. Nikawaza: anayechafua Bugarama agharimie matuta kwenye milima ya Karongi. Nilikosea! Kivu lina kina cha karibu mita 480. Tope la Karongi huzama humo. Maji hutoka ziwani yakiwa meupe. Tope linaloingia Rusizi hutoka kwenye miteremko iliyo chini ya ziwa, kwa vijito kama Rubyiro. Kwa hiyo matuta ya Karongi, ingawa ni mema kwa Karongi, hayamwondolei samaki wa Tanganyika hata chembe ya tope.

Wanafiqhi wetu wanatufundisha kwamba haki ya mja haianguki mpaka airudishiwe mwenyewe au asamehe. Ukidaiwa na Juma, ukampa Hamisi, umetoa sadaka nzuri na deni liko palepale. Fidia ya maji ni hivyohivyo: ifanyike kwenye mto uleule, juu ya wale wanaoumia.

Tena isianze kuhesabiwa kabla sheria haijatimizwa. Sheria ya mazingira ya Rwanda ya mwaka 2005 ilikataza kilimo na ufugaji ndani ya mita 10 kutoka mtoni na mita 50 kutoka ziwani. Aliyelima mpaka ukingoni akirudi nyuma mita 10, ametii tu. Hati ya kuuza anaidai kwa lipi?

Jumamosi ijayo, inshallah, tutachota maji ya Rusizi pale yanapotoka ziwani, kisha tushuke Bugarama tuchote ya Rubyiro. Mvua ikinyesha Ijumaa, ndiyo bora zaidi. Kila mmoja aje na chupa mbili za kioo, zilizo safi.