Somo la Robo Hii: Ngazi za Msamaha wa Deni



Katika somo hili tunazitazama Honduras na Nikaragua, nchi mbili za Amerika ya Kati. Vikaoni tunapenda kusema "deni lilisamehewa" na kwenda ajenda inayofuata. Tujiulize lilisamehewa lini, na nani alilipa akingoja.

Mwishoni mwa Oktoba 1998 kimbunga Mitch kilipiga nchi hizo. Watu zaidi ya 10,000 walikufa katika ukanda ule. Huko Posoltega, Nikaragua, ubavu wa mlima Casita uliporomoka ukafukia vijiji. Honduras ilipoteza madaraja, barabara na mashamba makubwa ya migomba, huku ikidaiwa nje zaidi ya dola bilioni 4. Nikaragua, yenye watu wachache zaidi, ilidaiwa kupita hapo.

Desemba 1998 wadai wa Klabu ya Paris walikubali kuahirisha malipo. Kuahirisha si kusamehe. Mama anayemwomba mwenye duka amsubiri hadi mavuno anaijua tofauti hiyo.

Juni 1999 viongozi wa nchi tajiri walikutana Köln, Ujerumani. Kampeni ya Yubile 2000, iliyopata jina lake kutoka Mambo ya Walawi 25 na kuungwa mkono na makanisa mengi, iliwafikishia mamilioni ya saini. Msamaha ukapanuliwa kupitia mpango wa nchi maskini zenye madeni makubwa (HIPC). Mpango huo una ngazi mbili. Kwanza nchi hukubaliwa na kupata nafuu ya muda. Kisha hutekeleza mkakati wa kupunguza umaskini pamoja na masharti ya Shirika la Fedha la Kimataifa (IMF). Ikifaulu, ndipo sehemu kubwa ya deni hufutwa.

Honduras ilikubaliwa Julai 2000, ikamaliza Aprili 2005. Kikwazo kimojawapo kilikuwa mishahara ya serikali. IMF ilitaka ibanwe. Walimu, ambao maslahi yao yalilindwa na sheria ya 1997, waligoma na kuandamana. Kwa maoni yangu, hapa ndipo penye uzito. Wahasibu walikuwa na hoja, kwani mishahara ilimeza sehemu kubwa ya mapato. Lakini mkakati uleule ulitaka watoto wengi zaidi wamalize shule. Wafundishwe na nani?

Nikaragua ilimaliza Januari 2004. Benki ya Maendeleo ya nchi za Amerika, mdai mkubwa wa zote mbili, ilikubali kufuta madai yake mwaka 2007 tu. (Tanzania ilimaliza ngazi hizo Novemba 2001, na nafuu ile ilichangia kuwezesha madarasa ya MMEM ambayo washarika wengi walishiriki kuyajenga.)

Kwa majadiliano ya kamati:

Usharika ukikopa kununua mashine ya kusaga, ni kifungu gani cha mkataba kinachosema itakuwaje mwaka wa ukame? Na ninyi wafadhili, masharti mnayotuwekea yanamwangukia nani kwanza?