Kumchana Mbwa wa Manyoya ya Kujisokota Nyumbani

Mbwa wa kienyeji alindaye nyumba nyingi za Mwanza ana manyoya mafupi yaliyolala juu ya ngozi. Akijitikisa, vumbi hutoka. Akinyeshewa, hukauka kabla chai haijachemka. Hali ni nyingine kwa mbwa wa manyoya marefu yaliyojisokota, ambaye sasa huonekana katika baadhi ya nyumba za mjini na hata karibu na mialo ya samaki. Huyu ni pudeli, na mara nyingi zaidi chotara wake, anayenunuliwa akiwa mdogo na laini kama pamba, bila muuzaji kumweleza mnunuzi kazi inayomngoja. Somo la toleo hili linahusu kazi hiyo. Huenda wapo watakaocheka kusikia kwamba jarida la Halmashauri linafundisha watu kumchana mbwa. Tunawaomba waendelee kusoma, kwa sababu chini ya manyoya hayo ndiko wanakojificha kupe, vidonda na funza. Na mbwa asiyezoea kushikwa ndiye anayemng'ata mtoto wa nyumbani, tena ndiye anayerudishwa siku ya chanjo bila kuchanjwa.

Pudeli asili yake ni mbwa wa majini. Jina lake limetokana na neno la Kijerumani lenye maana ya kurukaruka majini, na wawindaji wa Ulaya walimtumia kuwaletea mabata waliopigwa na kuangukia kwenye maji. Manyoya yake yalimkinga na baridi. Tofauti na manyoya ya mbwa wengi, hayafikii urefu fulani yakakoma. Huendelea kukua, kama nywele za kichwani mwa mtu. Unyoya uliokufa nao hauanguki sakafuni, bali hunaswa ndani ya vipindo vya wenzake. Ndiyo maana watu husema mbwa huyu hapukutishi manyoya. Kwa hakika hupukutisha, ila yale yaliyokufa hubaki mwilini mwake, yakajisokota na yaliyo hai, yakawa vifundo. Vifundo visipofumuliwa huungana, yakawa tandiko moja gumu lililobana ngozi.

Jambo la kutahadhari ni kwamba tandiko hilo huanzia chini. Mfugaji anayepitisha brashi juu juu kila siku huona mbwa anang'aa, akaridhika, ilhali karibu na ngozi manyoya yamekwisha kushikamana. Hewa haipiti, unyevu haukauki, ngozi inawasha, mbwa anajikuna mpaka anajichubua. Nzi wakipata kidonda chenye unyevu hutaga hapo, na siku chache baadaye wenye nyumba wanaanza kuulizana harufu inatoka wapi. Kipindi kibaya zaidi ni mbwa anapokaribia mwaka mmoja, wakati manyoya ya utotoni yanapowapisha ya utu uzima. Mbwa aliyekuwa akichanwa mara moja kwa wiki bila shida huanza kufungamana ndani ya siku mbili, na wenye nyumba wakadhani ameugua.

Vifaa vinavyohitajika ni vichache. Cha kwanza ni brashi yenye meno membamba ya waya yaliyopinda kidogo kwenye ncha, ambayo hupatikana katika baadhi ya maduka ya dawa za mifugo. Cha pili ni kitana cha chuma chenye meno mapana upande mmoja na meno ya karibu karibu upande wa pili. Asiyekuwa na kitana cha namna hiyo anaweza kuanza na chanuo la kawaida la nywele, mradi liwe la mbwa peke yake na meno yake yasiwe yamevunjika. Andaa pia meza imara iliyotandikwa gunia au mpira ili mbwa asiteleze, na dagaa wachache waliokaushwa bila chumvi. Dagaa hawa wana kazi yake, tutaieleza. Mambo mengine yanayouzwa kwa ajili ya kazi hii, kama manukato na mafuta ya kung'arisha, kwa maoni yetu ni kumpunguzia mfugaji fedha tu.

Yeyote aliyewahi kukaa kwenye kigoda akifumuliwa msuko anaijua kanuni kuu ya kazi hii: huanzi kwenye shina la nywele, unaanza kwenye ncha. Msusi anayezamisha chanuo kwenye shina na kulivuta kwa nguvu hukata nywele na kumliza mteja. Kwa mbwa ni vivyo hivyo, isipokuwa mbwa hana maneno ya kulalamika, ana meno. Msimamishe au mlaze ubavu. Anza na mguu wa nyuma, chini karibu na ukucha, kisha panda juu. Kwa kiganja kimoja yainue manyoya yote ya sehemu hiyo na kuyazuia yasianguke, halafu yaachie kidogo kidogo, utenge mstari mwembamba ambao unaiona ngozi. Chana mstari huo kwa brashi, ncha kwanza, kisha katikati, kisha karibu na ngozi, kwa mkono mwepesi usiokwaruza. Ukimaliza mstari mmoja, achia mwingine juu yake. Mguu ukiisha, pitisha kitana kuanzia kwenye ngozi hadi nje. Kitana kikipita bila kukwama, mguu umekwisha. Kikikwama, rudi kwenye brashi. Brashi ndiyo inayofanya kazi, kitana ndicho kinachokagua. Wengi hukosea hapa, wakaishia kwenye brashi na kuamini macho yao.

Usitegemee kumaliza mwili mzima siku ya kwanza. Kwa mbwa mdogo au asiyezoea, dakika 5 zinatosha. Mguse kwa brashi, mpe dagaa mmoja. Mshike unyayo, mpe mwingine. Acha kabla hajachoka, wala si baada ya kuanza kunguruma, maana mbwa aliyegundua kwamba kunguruma kunaiondoa brashi atanguruma kesho mapema zaidi. Baada ya wiki kadhaa ataweza kutulia kwa nusu saa. Manyoya yakiwa marefu, kazi hii ni ya kila siku au kila baada ya siku moja. Familia isiyokuwa na muda huo iyaweke manyoya mafupi, yapata sentimeta 2 au 3, kwa kuyapunguza kila baada ya wiki 6 hadi 8, na hapo kuchana mara mbili kwa wiki kutatosha. Kumwacha mbwa na manyoya mafupi hakuna aibu yoyote. Usimnyoe hadi ngozi ionekane pasipo sababu, kwani jua la mchana litamuunguza.

Zipo sehemu ambazo vifundo havikosekani: nyuma ya masikio, kwapani, kinenani, chini ya mkanda wa shingo, kwenye shina la mkia na katikati ya vidole. Sehemu hizi zikaguliwe kwa vidole hata siku ambayo hukusudii kuchana. Katika vilima vyetu vya mawe, ambako nyasi humea kati ya mwamba na mwamba hadi nyuma ya nyumba, kishona nguo ni adui mwingine. Mbegu zake hushika manyoya na kuwa kiini cha kifundo, na mbegu nyingine za nyasi zenye ncha kali huweza kutoboa ngozi kati ya vidole au kuingia sikioni. Mbwa akitoka matembezini, muda mfupi wa kumpapasa miguuni huokoa kazi ya saa nzima.

Kifundo ukikipata, kishike kwa vidole karibu na ngozi, ili mvuto wa brashi uishie mkononi mwako badala ya kufika kwenye ngozi ya mbwa. Kikiwa kikavu, kipake unga laini wa wanga, ukipasue kwa vidole kuwa vipande viwili, vinne, kisha uchane kila kipande kuanzia nje. Usikimbilie mkasi. Kifundo huivuta ngozi ikaingia ndani yake, na mkasi unaopita chini ya kifundo mara nyingi hukata ngozi ambayo mshikaji hakuiona. Na ukikuta mgongo wote umeshikamana kama mkeka, usijaribu kuufumua. Hayo yatakuwa mateso. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inamtaka mwenye mnyama amkinge na maumivu yasiyo ya lazima, na kumvuta mbwa manyoya kwa saa tatu kwa sababu ya kutaka abaki anapendeza ni maumivu ya namna hiyo. Manyoya hayo yanyolewe yote kwa mashine, na mtu mwenye uzoefu au mtaalamu wa mifugo, kisha mfugaji aanze upya na mbwa mwenye manyoya mafupi.

Sasa tuje kwenye maji, kwani sisi ni watu wa Ziwa. Kifundo kikilowa hukaza zaidi, kama sufi iliyofuliwa, kwa hiyo mbwa huchanwa kabla ya kuogeshwa, kamwe si baada yake. Akishaogeshwa asisuguliwe kwa taulo. Akandamizwe tu hadi taulo inyonye maji, kisha achanwe tena anapokaribia kukauka. Sabuni ya mche hukausha ngozi yake na shampuu ya watu haimfai sana. Tumia sabuni iliyotengenezwa kwa ajili ya mbwa, na isuuzwe yote itoke.

Tunawasihi wakazi wasiwapeleke mbwa kuwaogeshea ufukweni. Anayesimama magotini kwenye maji ya kina kifupi, penye majani na konokono, ndiye anayepata kichocho. Viluwiluwi vya ugonjwa huo hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mtu bila yeye kuhisi. Kichocho kimekuwa maradhi ya mwambao wetu tangu zamani, na watafiti wa kituo cha Mwanza cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu wamekifanyia kazi kwa miaka mingi. Mara nyingi wanaotumwa kumuosha mbwa ni watoto, nao hukaa majini muda mrefu kwa sababu mchezo umenoga. Muogeshe mbwa nyumbani kwa maji ya bomba. Pasipokuwa na bomba, maji ya Ziwa yahifadhiwe kwenye chombo kisafi siku 2 kabla ya kutumika, kwani viluwiluwi hivyo havidumu muda huo bila kumpata wa kumwingia.

Faida kubwa ya kuchana hadi kwenye ngozi ni kwamba macho yanafika mahali ambapo hayafiki siku nyingine. Tazama kupe kwanza, hasa ndani ya masikio na kati ya vidole. Kupe wa kahawia wa mbwa huambukiza magonjwa ya damu, na dalili zake ni homa, kukosa hamu ya kula, ufizi kupauka na wakati mwingine kutoka damu puani. Mbwa mwenye dalili hizo apelekwe kwa daktari wa mifugo bila kusubiri wiki iishe. Kupe aondolewe kwa kibanio: mshike karibu kabisa na ngozi, mvute moja kwa moja bila kumzungusha. Usimchome kwa moto wala kummwagia mafuta ya taa. Mtumbukize kwenye maji ya sabuni au spiriti, usimtupe uani, kwa sababu jike aliyeshiba damu hutaga maelfu ya mayai kwenye nyufa za ukuta, na manyoya uliyoyachana yachomwe. Dawa ya kuogeshea ng'ombe ya joshoni isitumiwe kwa mbwa kwa kukisia kipimo; muulize afisa mifugo. Nyumba yenye paka iwe na tahadhari zaidi, kwani baadhi ya dawa za kupe zinazomfaa mbwa humuua paka.

Ukimzoea mbwa wako mkononi, utatambua pia siku anapobadilika. Mbwa aliyezoea kuchanwa ambaye ghafla anakuwa mkali, au mpole kupita kawaida, anayetokwa mate, anayeshindwa kumeza au ambaye sauti yake imebadilika, asichanwe wala kufunguliwa kinywa. Mfungie ndani kama unaweza kufanya hivyo bila kumgusa, kisha umwite mtaalamu wa mifugo. Kichaa cha mbwa huambukizwa kwa mate, hata kupitia mchubuko mdogo wa mkononi, na dalili zikishaonekana kwa mtu, ni nadra mno kupona. Aliyeng'atwa au kulambwa penye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende kituo cha afya siku hiyohiyo, hata kama jeraha ni dogo na mbwa ni wa nyumbani.

Chanjo hutolewa kwa mbwa wa umri wa miezi 3 na hurudiwa kila mwaka. Jirani zetu wa Wilaya ya Serengeti, mkoani Mara, waliona matunda yake: kampeni za kuchanja mbwa wa vijijini zilizoanza huko mwaka 1996 zilipunguza sana kichaa cha mbwa, na idadi ya watu walioumwa na mbwa wanaoshukiwa nayo ikashuka. Wataalamu husema ugonjwa hukatika pale ambapo angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo wamechanjwa. Asilimia hiyo haifikiwi iwapo mbwa wanafika kituoni wakivutwa na kamba na watu watatu, kisha wanaponyoka. Siku ya chanjo itakapotangazwa na mtendaji wa kata, mlete mbwa asubuhi kabla ya jua kali, akiwa na mkanda shingoni na kamba fupi, aongozwe na mtu mzima aliyezoea kumchana. Nyuma ya shingo pawe pamechanwa hadi ngozi ionekane, maana mara nyingi ndipo sindano inapoingia, na mtoa chanjo hana muda wa kutafuta ngozi ndani ya vifundo. Dagaa wawekwe mfukoni.