Futa Jina Lako Kwanza, Ndipo Utoe

Mdogo wangu wa Kawajense, sogea hapa tuongee. Ujumbe wako nimeusoma mara mbili. Umefungua mashine ya kukoboa mpunga, una vijana sita na mama mmoja anayepeta na kufagia. Mwezi wa nne ukaagiza fulana kutoka Dar es Salaam, jina la mashine kifuani, namba yako ya simu mgongoni, ili Mei Mosi mpendeze. Siku ikapita. Wiki mbili baadaye ukaikuta moja imegeuzwa tambara la kufutia grisi. Ukalia. Unasema hawana shukrani.

Pole sana. Ila nisikufiche, mimi ni dada yako: ulichowapa kilikuwa tangazo, ukawaomba walibebe mgongoni bila malipo. Usijione mjinga. Wakubwa kuliko wewe, wenye maofisa wao wa utumishi, hukosea hapohapo kila mwaka. Kila tarehe 1 Mei nchi nzima tunaandamana na fulana na kofia za sare, mfanyakazi hodari anaitwa mbele apewe cheti na bahasha yake. Siku hiyo naipenda. Lakini imetuzoesha vibaya, tunadhani sare ya maandamano ndiyo zawadi yenyewe.

Yalinikuta mimi pia, miaka mingi nyuma. Ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi ilitugawia fulana asubuhi ya sherehe, zikitupwa kutoka kwenye gunia, wahi yako. Nikadaka ya saizi ndogo. Nilikuwa nimejifungua miezi mitatu tu nyuma, nikatembea uwanja mzima nikiivuta chini ishike kiuno. Na hela yetu ya likizo ilikuwa haijatoka. Siku ile niliona aibu, halafu hasira, na hasira hiyo nikarudi nayo kazini kesho yake. Mwenye ofisi hakujua. Alidhani ametufurahisha.

Sasa fikiria khanga. Bibi zetu walikuwa wanatoa zawadi yenye maandishi kabla wewe na mimi hatujajua nembo ni kitu gani. Bibi akienda kununua doti ya kumpelekea mkwe, rangi anaitazama, pindo analitazama, lakini hatoi hela mpaka asome jina. Atasimama dukani hata nusu saa. Anajiuliza: haya maneno yatamsema vipi yule atakayejifunga? Maana anajua jina baya laweza kuvunja undugu. Ona tofauti, mdogo wangu. Jina la khanga huchaguliwa kwa ajili ya anayepewa. Namba yako ya simu ulimchagulia nani?

Kwa hiyo kabla hujaagiza kitu tena, kichwani mwako futa jina la mashine. Kisha ukitazame kilichobaki. Bila jina, ungekinunua umpe mdogo wako wa tumbo moja? Kama ungeona haya, acha. Kama ungempa kwa furaha, basi weka jina, dogo, pembeni, lidariziwe vizuri, na atalibeba bila kuambiwa.

Huko kwenu Mpanda mambo ya kufaa hayahitaji kutafutwa mbali. Mvua inaanza mwezi wa kumi na moja na kuwatesa hadi wa nne. Kijana anayekuja kazini kwa baiskeli, koti la mvua zuri atakukumbuka nalo kila wingu likikusanyika. Wa zamu ya usiku mpe chupa ya chai inayotunza moto kweli, siyo zile za kupoa kabla ya saa nne. Mfuko imara wa turubai nao una heshima yake, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019 kila mtu anatafuta cha kubebea sokoni. Au kitenge, kila mtu apeleke kwa fundi wake, ashone kwa mwili wake. Ila weka na hela ya ushonaji ndani yake, nakuomba. Kitambaa bila hela ya fundi ni deni umempa mtu.

Na hapa nitakuwa mkali kidogo. Umeandika kwamba mwakani unafikiria kuwapa barakoa za vumbi la pumba na mabuti, yenye nembo, yawe zawadi. Hapana. Hizo ni haki yao tangu siku ya kwanza, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inakudai wewe mwajiri uwape kinga. Wape kesho, wala usipige nayo picha. Vivyo hivyo mshahara wa tarehe yake na michango ya NSSF. Mtu anayekudai, hata ukimvisha dhahabu ataipima kwa kilo za deni lake. Na usimkate mtu mshahara kulipia fulana. Najua hujafanya hivyo, nakuambia kwa sababu nimeona wakifanya.

Halafu yule mama anayepeta. Umewataja vijana kwa majina yote sita, yeye umemwita mama tu, na naona kabisa alipewa fulana ya kiume iliyobaki. Macho hayana pazia, wenzake waliona, na yeye aliona zaidi. Anza naye safari hii. Muulize anapenda nini, asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Siku ya kutoa nayo ina mambo yake. Usisubiri Mei, mpunga ndiyo kwanza unaingia na kila mtu amechoka na magunia. Ngoja msimu ushuke, mashine ipumzike, upike pilau, umwite mmoja mmoja kwa jina lake na umwambie umemwona akifanya nini. Yule aliyelala na mashine siku mkanda ulipokatika, mwambie mbele ya wenzake kwamba unakumbuka. Mcheza kwao hutunzwa, na maneno hayo hayapungui mfukoni mwako hata shilingi. Simu iache ndani. Picha ya kurusha wataomba wao wakitaka.

Zile fulana zilizobaki stoo usizitupe. Waambie kwa kinywa chako kwamba ni za kazi, watakaotaka wachukue, na usiangalie nani kavaa. Na ile ya kwenye grisi iache hukohuko. Usimtafute aliyeiweka.