Kumbukumbu za Wapendwa Wetu: Tutunze Nini, Tutoe Nini?

Katika nyumba nyingi za Wakristo wetu, mjini na mashambani, limo sanduku moja lisilofunguliwa. Pengine ni sanduku la bati chini ya kitanda, pengine ni kasha la mbao pembeni mwa chumba. Ndani yake mna kanzu ya baba aliyekwisha kufariki, kanga za mama, sare ya shule ya mtoto aliyetutoka angali mdogo, barua zilizofungwa kwa uzi, na saa isiyokwenda tena. Watu wa nyumba hiyo hupita kando yake kila siku. Hakuna avaaye vitu hivyo, hakuna avitazamaye, wala hakuna athubutuye kuvitoa.

Mara nyingi mapadre huulizwa na waamini: Je, kuvitunza vitu vya marehemu ni dhambi? Je, kuvitoa si kumtupa marehemu mwenyewe? Maswali haya si ya kuchekwa, maana chini ya kila nguo iliyokunjwa mna machozi ya mtu. Leo tutayajibu kadiri tuwezavyo, tukiongozwa na Maandiko Matakatifu na desturi ya Kanisa.

Kupenda ukumbusho si kosa

Mwenyezi Mungu hakutuumba malaika. Alitupa mikono ya kushika, macho ya kuona na pua ya kunusa. Si ajabu basi mjane akiishika shati ya mumewe na kulia. Katika Matendo ya Mitume, sura ya 9, twasoma habari za Tabita wa mji wa Yafa, mwanamke mwenye matendo mema mengi. Alipofariki, wajane walimzunguka Mtume Petro huku wakilia, wakimwonyesha kanzu na mavazi aliyowashonea alipokuwa pamoja nao. Petro hakuwakemea wala hakuwaambia kwamba nguo ni nguo tu. Alipiga magoti akasali.

Mtume Paulo naye alikuwa na vitu vyake. Katika Waraka wa Pili kwa Timoteo, akiwa kifungoni na kifo chake kikikaribia, amwomba Timoteo amletee joho alilomwachia Karpo huko Troa, pamoja na vitabu, hasa vile vya ngozi. Mtume aliyeacha yote kwa ajili ya Kristo hakuona aibu kulitaka joho lake. Lakini tuangalie vema: alilitaka ili alivae. Tabita vilevile hakushona zile nguo ili zifungiwe. Alizishona ili wajane wazivae.

Mawe kumi na mawili

Tukitaka kujua ukumbusho wa kweli ulivyo, tusome Kitabu cha Yoshua, sura ya 4. Wana wa Israeli walipokwisha kuvuka Mto Yordani, Mungu aliamuru watu 12, mmoja kwa kila kabila, wachukue kila mmoja jiwe moja begani kutoka katikati ya mto. Mawe hayo yalisimamishwa Gilgali, ili siku za mbele watoto wakiuliza maana yake, wazee wawasimulie jinsi Mungu alivyowavusha watu wake pakavu.

Hapa twapata mafundisho matatu. La kwanza, mawe yalikuwa machache. Mungu hakuamuru yabebwe mawe yote ya Yordani, bali jiwe moja kwa mtu mmoja, kiasi awezacho kukichukua begani. La pili, yaliwekwa mahali pa wazi, wala hayakufichwa. La tatu, yaliwafanya watoto waulize, na wazee waseme. Basi kitu kinachowafanya watoto wako waulize habari za babu yao, nawe ukawasimulia, hicho ni ukumbusho. Bali vitu arobaini vilivyofungiwa gizani, ambavyo hakuna mtoto aulizaye habari zake, vyamkumbusha nani?

Nyoka wa shaba

Yako pia maonyo. Musa alipokuwa jangwani alimfanya nyoka wa shaba kwa amri ya Mungu mwenyewe, na walioumwa na nyoka walipomtazama walipona. Je, ulikuwako ukumbusho mtukufu kuliko huo? Hata hivyo, karne nyingi baadaye watu walianza kumfukizia uvumba. Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 18, chasimulia kwamba mfalme Hezekia alimvunja vipandevipande, naye anasifiwa kwa tendo hilo. Kitu chema chaweza kugeuka kuwa bwana wa watu, kisha kikawazuia wasitende lililo jema.

Hatusemi kwamba wasomaji wetu huyafukizia uvumba mashati. Lakini tuwaze nyumba yenye vyumba vitatu. Chumba kimoja kimefungwa tangu bibi alipofariki, miaka sita sasa. Kitanda chake kimetandikwa, blanketi zake zimekunjwa, ufunguo uko shingoni mwa binti yake. Katika chumba cha pili wajukuu watano hulala juu ya mkeka mmoja, na majira ya baridi hukohoa usiku kucha. Twauliza: bibi yule angekuwa hai, angewaacha wajukuu zake walale hivyo, hali kitanda chake kitupu? Sote twajua jibu. Basi kile chumba hakimheshimu bibi. Chatenda kinyume cha moyo wake.

Hofu zinazotufunga

Kwa nini basi ni vigumu kufungua sanduku? Kwa sababu ya hofu, nazo ni za namna tatu.

Ya kwanza ni hofu ya kusahau. Mtu adhani kwamba shati likitoka, sura ya mpendwa wake nayo itatoka. Lakini upendo haukai katika uzi na vifungo. Kanisa Takatifu huwakumbuka marehemu katika kila Misa, na kila mwaka, tarehe 2 Novemba, huwaombea marehemu wote, hata wale ambao hapa duniani hakuna tena awajuaye kwa jina.

Ya pili ni hofu ya kumsaliti marehemu. Mwenye hofu hiyo na asikie neno la faraja. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, iliyotangazwa mwaka 1992, yafundisha katika namba 1032 kwamba, pamoja na Misa na sala, Kanisa lahimiza pia sadaka kwa maskini kwa ajili ya marehemu. Fundisho hili ni la kale; katika Kitabu cha Pili cha Makabayo, sura ya 12, twasoma jinsi Yuda alivyochanga fedha na kuzipeleka Yerusalemu ili itolewe sadaka kwa ajili ya askari wake waliokufa. Basi fikiri, ndugu msomaji. Koti la baba yako likilala sandukuni, halimsaidii baba yako hata kidogo. Likitolewa kwa mzee asiye na koti, kwa nia ya kumwombea baba yako, tendo hilo la huruma lamfaa yeye aliyekutangulia. Hapo waliotenganishwa na kaburi wanatenda jema pamoja: yeye alinunua koti, wewe umelitoa.

Ya tatu ni hofu ya mizimu na mikosi. Wako wasemao kwamba nguo ya marehemu humletea mkosi aivaaye, au kwamba marehemu atamjia usiku yule aliyeitoa. Mkristo asiyafuate maneno hayo. Roho za waamini waliofariki zimo mikononi mwa Mungu. Zile zilizoko toharani zahitaji sala na sadaka zetu, hazidai mashati. Kama marehemu alikuwa na ugonjwa wa kuambukiza, tufuate mashauri ya mganga wa hospitali: nguo zifuliwe vizuri, zichemshwe kama zastahimili, zianikwe juani na kupigwa pasi. Hilo ni jambo la usafi, wala si la mikosi.

Haki kwanza

Kabla ya kutoa chochote, yatupasa kuuliza: Ni mali ya nani? Hakuna ukarimu katika kugawa kitu cha mwenzako. Katika sehemu nyingi ndugu hukutana mara baada ya matanga na kugawana vitu vya marehemu, na mara nyingine mjane huachwa na kuta tupu, hata sufuria alizozinunua kwa jasho lake zikachukuliwa. Huo si ugawaji, ni unyang'anyi, ijapokuwa umefanywa mbele ya wazee. Vitu vya thamani vifuate wosia na sheria ya mirathi. Na nguo za mume atoe mjane, kwa wakati wake. Hakuna amri ya Kanisa itajayo siku ya kufungua sanduku. Mmoja aweza baada ya siku arobaini, mwingine baada ya miaka miwili. Wakwe na mashemeji wasimshurutishe, wala wasimcheke.

Njia ya kufuata

Siku ikifika, kazi hii isifanywe na mtu mmoja peke yake. Wakutane watu wa nyumba, waanze kwa sala, kisha walifungue sanduku na kutenga vitu katika mafungu manne.

Fungu la kwanza ni la karatasi za lazima: wosia, hati ya shamba au nyumba, vyeti vya kuzaliwa, vya ndoa na vya kifo, vitabu vya benki. Hizi zisitolewe wala zisichomwe. Ziwekwe pamoja, mbali na mchwa na maji, na watu wawili wajue zilipo. Cheti cha ubatizo kikipotea, nakala hupatikana parokia alikobatizwa mtu, kwa kuwa habari zake zimeandikwa katika daftari la ubatizo.

Fungu la pili ni la ukumbusho. Hapa tukumbuke jiwe moja kwa mtu mmoja: kila mwana na kila mjukuu achague kitu kimoja. Rozari ya bibi apewe mjukuu atakayeisali. Jembe au cherehani apewe atakayekitumia. Kanga moja yaweza kumbebea mtoto mchanga wa ukoo, na nguo nyeupe ya ubatizo yaweza kuvalishwa wadogo watakaofuata. Picha ziandikwe nyuma, kwa penseli, jina la mtu na mwaka, maana baada ya miaka arobaini picha isiyo na jina ni picha ya mgeni. Kitu kikubwa kisichoweza kutunzwa kipigwe picha, kisha kiende zake.

Fungu la tatu ni la kutoa. Nguo nzuri, viatu, blanketi, na hasa vitu vya ugonjwa: magongo, miwani, kiti cha magurudumu. Kiti kimoja cha magurudumu kilichojaa vumbi nyumbani mwako chaweza kumtoa nje jirani ambaye hajaliona jua miezi mingi. Vipelekwe parokiani, au kwa viongozi wa jumuiya, au kwa mhitaji mwenyewe kwa siri. Vitolewe vikiwa safi na vizima. Tusingoje mpaka nondo na panya wapate fungu lao kwanza. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini nguo huoza. Dawa za hospitali zilizobaki zisigawiwe mtu, zirudishwe zahanati.

Fungu la nne ni la vitu vilivyokwisha kazi yake. Barua zenye siri za watu zichomwe bila kusomwa hadharani. Vitu vilivyobarikiwa, kama rozari zilizokatika na sanamu zilizovunjika, visitupwe jalalani; desturi yetu ni kuvichoma au kuvizika kwa heshima. Na kama mtu aona uchungu kutia moto kitu kitakatifu, akumbuke jinsi Kanisa lenyewe lifanyavyo. Matawi tuliyoyapeleka nyumbani Jumapili ya Matawi na kuyatundika juu ya msalaba mwaka mzima, twayarudisha kanisani, yanachomwa, na majivu yake twapakwa Jumatano ya Majivu. Kanisa halihuzuniki kwa kuyachoma, kwa sababu yanaingia katika kazi nyingine.

Mifano ya kututia moyo

Mtakatifu Martino wa Tours, aliyefariki mwaka 397, alipokuwa bado askari alilikata joho lake mara mbili katika lango la mji wa Amiens, akampa nusu maskini aliyekuwa akitetemeka kwa baridi. Usiku alimwona Kristo amevaa nusu ile. Si nusu aliyobaki nayo, bali ile aliyoitoa.

Na katika siku za karibu zaidi, tarehe 13 Novemba 1964, Baba Mtakatifu Paulo wa Sita aliliweka juu ya altare ya Kanisa la Mtakatifu Petro, Roma, taji lake lenye ngazi tatu, liwe zawadi kwa maskini. Taji hilo alikuwa amepewa na waamini wa Milano, watoto wake wa kiroho aliowaongoza kabla ya kuwa Papa. Lilikuwa zawadi ya upendo, na kulitoa hakukuwa kuwadharau waliompa. Upendo wao ulipita mikononi mwake ukawafikia wengine.

Basi, wasomaji wapendwa, tusingoje Novemba ifike ndipo tuwakumbuke marehemu wetu. Mwenye sanduku na aamue siku, awaite watu wa nyumba yake, na asimulie habari ya kila kitu kabla hakijatoka mkononi mwake, ili watoto wasikie. Kisha aende parokiani na mzigo wake, na jina la marehemu kwa ajili ya Misa. Na yule ambaye jeraha lake lingali bichi, ambaye leo hawezi hata kuugusa ufunguo, na asali tu. Siku yake itakuja, na Mungu hana haraka naye.