Ufahamu Huku Saa Inakimbia: Vidokezo kwa Mtahiniwa wa Udahili

Aliyesoma sekondari Kenya au Tanzania ameshakutana na ufahamu mpaka akauchoka. Kwenye KCSE, karatasi ya pili ya Kiswahili ina ufahamu wa alama 15, na ufupisho wa alama 15 nyingine. Kwa hiyo mtu akijiandikisha kufanya SAT, GRE, GMAT, LSAT au IELTS ili akasome ng'ambo, hudhani sehemu ya kusoma ndiyo mteremko, nguvu zote akazielekeza kwenye hesabu na misamiati. Matokeo yakitoka, kilichomwangusha ni ule ule mteremko.

Tofauti ni kwamba shuleni uliandika jibu kwa maneno yako, na mwalimu akakutafutia pa kukupa alama. Huku jibu limeshaandikwa, nalo limezungukwa na mengine matatu au manne yanayofanana nalo, yaliyotungwa na watu wanaojua vizuri utateleza wapi. Hutungi jibu. Unatafuta ushahidi wake ndani ya kifungu, na kwa haraka.

1. Jua bajeti yako ya dakika kabla ya siku yenyewe.

Kila mtihani una mwendo wake. LSAT hukupa dakika 35 kwa seti nne za vifungu, yaani dakika 8 na sekunde 45 kwa kila seti, kusoma na kujibu humo humo. IELTS ni vifungu vitatu, maswali 40, dakika 60. SAT ya kompyuta ina awamu mbili za kusoma na kuandika, kila moja maswali 27 kwa dakika 32, ambayo ni kama sekunde 71 kwa swali. GRE, tangu ilipofupishwa Septemba 2023, ina maswali 12 kwa dakika 18, kisha 15 kwa dakika 23. Hapo GRE kuna ahueni kidogo: takriban nusu ya maswali hayo ni ya kujaza nafasi na ya kuchagua maneno, na mtu aliyejiandaa huyamaliza haraka akabakiwa na muda wa ziada kwa vifungu.

Usiangalie saa kila swali, utajichanganya. Weka vituo vichache. Kwa LSAT, ukimaliza seti ya pili saa inapaswa kuonyesha umebakiwa na dakika 17 hivi. Ukiona 13, ujue umechelewa na uharakishe. Ukiona 20, rudi nyuma ukahakiki lile swali lililokusumbua.

2. Kusoma maswali kwanza? Inategemea mtihani.

Ushauri huu unatembea kila mahali na watu huupokea kama amri. Kwa SAT una mantiki: kifungu kina maneno kati ya 25 na 150 na swali ni moja tu, basi lisome swali, ujue unatafuta nini, uingie. Kwa IELTS pia unafaa, maana maswali mengi yanahitaji jina, mwaka au neno mahususi. Ila kwa LSAT, au MCAT ya wanaotaka udaktari Marekani yenye vifungu tisa kwa dakika 90, mimi siushauri. Utaingia kwenye kifungu kirefu na maswali sita kichwani, usome kwa jicho la kuwinda vipande, na ukimaliza hujui mwandishi alikuwa anabishana na nani. Huko soma kifungu kwanza, kizima, mara moja.

3. Tafuta msimamo, usikariri mambo.

Mtahiniwa aliyelelewa kwenye mitihani ya kukariri husoma aya ya protini fulani akitaka kuielewa kila hatua. Hakuna haja. Maelezo hayaendi popote. Swali likiyauliza utarudi kuyachukua. Kinachopaswa kubaki kichwani baada ya usomaji wa kwanza ni vitu vitatu: nani anadai nini, mwandishi mwenyewe anakubali au anapinga, na aya ipi inafanya kazi gani. Aya ya kwanza inaleta wazo la zamani, ya pili inalipiga, ya tatu inakiri kwamba halijafa kabisa. Ukiwa na ramani hiyo, umeshajibu nusu ya maswali kabla hujayaona.

Punguza mwendo pale sentensi inapogeuza mwelekeo. Maneno ya Kiingereza kama "however", "yet" na "although" ndipo watungaji wa maswali hupenda kupiga kambi, kwa sababu hapo ndipo mwandishi anapoacha kusimulia ya wengine na kusema yake.

4. Zijue sura za majibu ya uongo.

Hiki ndicho kidokezo cha kukaa nacho. Soma kifungu hiki kifupi; mtihani wenyewe utakuwa wa Kiingereza lakini mitego ni ile ile:

Kwa muda mrefu wanahistoria wengi walieleza kuwa miji ya kale ya pwani ya Afrika Mashariki ilianzishwa na wahamiaji kutoka Uajemi na Uarabuni. Uchimbaji wa kiakiolojia umelitikisa wazo hilo. Kule Shanga, katika kisiwa cha Pate, tabaka za chini zilionyesha makazi ya karne ya 8 yenye majengo ya miti na udongo. Majengo ya mawe yalikuja baadaye, hatua kwa hatua, mahali pale pale. Hata hivyo, vyombo vya udongo kutoka ng'ambo vilivyopatikana katika tabaka za mwanzo vinaonyesha kuwa biashara ya baharini ilikuwapo tangu awali.

Swali: lengo kuu la kifungu ni lipi?

A. Kuthibitisha kwamba wageni hawakuchangia chochote katika miji ya pwani.
B. Kueleza jinsi majengo ya mawe yalivyochukua nafasi ya majengo ya udongo huko Shanga.
C. Kuonyesha kwamba utajiri wa Kilwa ulitokana na biashara ya dhahabu ya Sofala.
D. Kuonyesha jinsi uchimbaji ulivyodhoofisha maelezo ya zamani bila kukana mawasiliano na ng'ambo.
E. Kueleza wazo la zamani kuhusu miji ya pwani na sababu za wanahistoria kulishikilia.

Jibu ni D. Lakini faida ipo kwa yale manne mengine, maana utakutana na ndugu zao katika kila mtihani.

A imepaza sauti kuliko kifungu. Kifungu kimesema wazo "limetikisika", A ikasema "chochote". Ukiona maneno ya kufunga milango yote, kama pekee, kamwe, daima, wote, simama urudi kwenye maandishi uone kama mwandishi naye kaifunga. Mara nyingi hajaifunga. Si kila jibu kali ni la uongo, ila kila jibu kali lina deni la ushahidi mkali.

B ni kweli tupu, imo ndani ya kifungu, na bado ni kosa. Hiyo ni habari ya sentensi moja, swali limeuliza lengo la kifungu chote. Mtego huu hukamata watu makini kuliko wazembe, kwa sababu aliye makini anakumbuka kuisoma.

C huwaumiza wenye elimu. Kilwa kweli ilineemeka kwa dhahabu iliyopitia Sofala, na aliyesoma historia ya pwani mkono wake unakimbilia hapo. Kifungu hakijaitaja Kilwa wala Sofala. Mwanabiolojia ajihadhari na kifungu cha biolojia, mwanasheria na cha sheria. Kwa dakika hizo, ulimwengu wote ni yale maneno yaliyo kwenye skrini.

E ndiyo mjanja kuliko wote. Nusu ya kwanza ni sahihi, unatikisa kichwa, unabofya. Nusu ya pili, "sababu za wanahistoria", haimo. Soma jibu mpaka nukta ya mwisho; jibu lenye nusu kweli ni jibu la uongo.

5. Jibu mwenyewe kabla ya kutazama machaguo.

Swali likisomeka, yafiche machaguo, ikibidi kwa kiganja, ujiambie jibu kwa lugha yoyote unayoiwazia. Kiswahili, Kisukuma, Sheng, hakuna anayesikia. Kisha tazama lipi limekaribia ulilosema. Ukiingia sokoni hujui unataka nini, muuzaji ndiye atakayekuamulia, na hawa wauzaji wa A na E wamesomea kazi yao.

6. Swali la "inaweza kuhitimishwa" ni hatua moja fupi.

Wengi wakisikia kuhitimisha wanapaa. Wanajenga nadharia nzuri, yenye akili, inayostahili insha nzima. Mtihani hautaki hivyo. Unataka jambo ambalo lazima liwe kweli ikiwa kifungu ni kweli, na aghalabu jibu sahihi linachosha kwa udogo wake. Kwenye kifungu chetu cha Shanga, hitimisho halali ni kama hili: baadhi ya watu walioishi Shanga mapema walipata bidhaa zilizotoka nje. Basi. Kwamba walikuwa mabaharia hodari, au kwamba walitawaliwa na wafanyabiashara, hayo ni yako.

7. Kwa IELTS, heshimu "Haikutajwa".

Kuna maswali yenye majibu matatu: kweli, si kweli, na haikutajwa. Mstari kati ya hayo mawili ya mwisho ndio huliza watu. Kipimo ni kimoja: je, unaweza kuweka kidole juu ya sentensi inayopinga dai hilo? Ukiweza, si kweli. Kama umetafuta mahali panapohusika na mwandishi amenyamaza, haikutajwa, hata kama wewe unajua fika kwamba dai ni la uongo. Maswali ya aina hii hufuata mpangilio wa kifungu, hivyo ukishapata la tano na la saba, la sita limo katikati yao. Usilitafute ukurasa mzima.

Na tahajia ina alama. Neno ulilolinakili vibaya kutoka kwenye kifungu halihesabiwi, na hilo linauma kwa sababu lilikuwa mbele ya macho yako.

8. GRE: machaguo matatu yasikuchekeshe.

Kuna maswali yenye machaguo matatu tu, na unaweza kuchagua moja, mawili au yote. Yanaonekana mepesi. Hakuna alama za nusu: ukikosa moja umekosa swali. Lishughulikie kila chaguo kama swali la peke yake la ndiyo au hapana, na usisake jibu "lililo bora kuliko mengine".

9. LSAT: vifungu viwili ni mazungumzo.

Tangu Juni 2007 moja ya seti nne huwa na vifungu vifupi viwili vyenye mada moja. Soma cha kwanza, kisha unaposoma cha pili jiulize: huyu wa pili angemwambia nini wa kwanza wakikutana? Angekubaliana, angemrekebisha, au wanazungumzia pembe tofauti? Karibu maswali yote yanazunguka hapo.

10. Jua sheria za kuruka swali.

GRE, SAT na LSAT zinakuruhusu kuweka alama kwenye swali, kuendelea, na kulirudia ilimradi bado uko katika sehemu hiyo. Tumia ruhusa hiyo bila aibu. Swali lililokula dakika mbili na bado machaguo mawili yanavutana halina thamani kubwa kuliko rahisi linalokungoja mbele. GMAT mpya ni nyingine: lazima ujibu ndipo uendelee, na mwishoni mwa sehemu unaweza kurudi na kubadili majibu yasiyozidi matatu. Aliyezoea GRE akahamia GMAT bila kujua hili hupata mshtuko.

11. Fanya mazoezi kwa karatasi za wenyewe.

Vitabu vya mitaani mara nyingi vina maswali magumu kwa njia isiyo sahihi: majibu mawili yote yanaweza kutetewa. Vya wenye mtihani vipo, tena bure: POWERPREP ya GRE, LawHub ya LSAT, programu ya Bluebook ya SAT. Ni haba, usizimalize kwa pupa. Ukimaliza zoezi moja, tumia muda mrefu kuliko ule wa kulifanya ukichambua makosa. Usiandike "nilikosea la 14". Andika aina ya mtego: kelele za A, nusu kweli za E, elimu yangu mwenyewe. Baada ya mazoezi machache utaona unaanguka kwenye shimo lile lile, na ukishalijua utaanza kulikwepa.

Nje ya mazoezi, soma Kiingereza usichokipenda. Mhandisi asome uhakiki wa sanaa, mwanasheria asome jiolojia. Nusu ya woga wa chumba cha mtihani ni ugeni wa mada tu. Na usome kwenye skrini, kwa sababu macho yaliyozoea kalamu na karatasi hupotea njia kwenye kompyuta.

12. Dakika mbili za mwisho ni za kujaza.

SAT, GRE, LSAT, MCAT na IELTS hazikati alama kwa jibu la uongo, kwa hiyo nafasi iliyoachwa wazi ni zawadi uliyoikataa. Chagua herufi moja tangu nyumbani, ujaze nayo yote yaliyobaki, kisha kama sekunde zipo rudi ukajaribu lile lenye kifungu kifupi zaidi. Kwa GMAT, kutomaliza kuna adhabu yake, basi ukibakiwa na maswali matatu na dakika mbili, bahatisha mawili upesi, na muda uliobaki umalizie kwa lile moja unaloliweza. Anayefanya IELTS ya karatasi ahamishe majibu kadiri anavyoendelea: sehemu ya kusikiliza ina dakika za kunakili, ya kusoma haina.